"Kila mwezi nageuka mtu mwingine": je, ni mwili wangu au ni maisha haya?

Swali: Sista, nina miaka 31 na watoto watatu. Mume wangu ni polisi, tunaishi kambini katika kibanda cha bati, mama ingia pole. Kila mwezi, kama siku nane au tisa kabla ya damu, nageuka mtu mwingine. Nalia bila sababu, kelele za watoto zinanichoma kama pini, na mume wangu nikimwona tu anavua viatu namchukia. Mwezi uliopita nilimwaga posho (ugali) yote nje pamoja na sufuria, majirani wakiona. Damu ikija, siku ya pili naamka mzima na kuanza kuomba msamaha. Ssenga wangu, shangazi upande wa baba, anasema ni mambo ya ukoo, mchungaji ameniombea mara tatu, mume anasema natafuta kisingizio. Rafiki yangu muuguzi anasema ugonjwa wa namna hii upo, lakini ni wa wazungu. Kuna usiku nilitamani nisiamke. Je, kitu hiki kiko mwilini mwangu, au ni maisha haya tunayoishi?

Jibu: Dada yangu, naanza na ile sentensi uliyoipenyeza kabla ya swali: kuna usiku ulitamani usiamke. Usiipitishe haraka hivyo. Wanawake wenye tatizo hili huwaza kifo, na hata kujaribu kujiua, zaidi ya wenzao, ingawa wiki mbili baadaye ukiwakuta sokoni wakibishana bei ya nyanya huwezi kuamini. Kwa hiyo leo, ukiwa umetulia, mchague mtu mmoja, labda huyo rafiki yako muuguzi, umwambie maneno yale yale uliyoniandikia. Chochote cha hatari kilichomo nyumbani mpe akuwekee, na kama mume wako hulala na silaha ya kazi ndani, hiyo iwe ya kwanza kuondoka. Usiku wa namna ile ukirudi, usingoje damu ije ikuokoe. Nenda kituo cha afya kilicho karibu usiku huo huo, na useme wazi kwamba una mawazo ya kujiua. Hospitali za rufaa za mikoa hapa Uganda, kama Mbale na Soroti, zina vitengo vya afya ya akili. Huna haja ya kusafiri mpaka Butabika, hospitali kuu ya akili kule Kampala.

Sasa swali lako.

Mimi ni tabibu wa magonjwa ya akili, lakini kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kambi. Baba alikuwa polisi, na Kiswahili changu ni hiki hiki cha gwaride, kilichosuguliwa baadaye na shule. Mama ingia pole naijua kwa paji la uso: kibanda cha bati cha mviringo, mlango mfupi unaokulazimisha uiname, kitanda upande mmoja, leso katikati kama ukuta, watoto upande wa pili. Saa saba mchana ndani ni tanuri. Mvua ikipiga hamsikilizani. Jirani akikohoa unampa pole bila kutoka. Nayataja haya mapema kwa sababu daktari anaweza kuandika dalili zako zote asikuulize unalala wapi, na sehemu kubwa ya jibu lako imelala hapo.

Tuanze na mwili, maana huko ndiko mume wako anakokukatalia. Uliyoyaeleza yanafanana sana na hali ambayo madaktari huiita kwa herufi PMDD. Shika herufi hizo, utazihitaji kliniki. Kwa Kiswahili mimi huiita sonona kali ya kabla ya hedhi, ingawa si huzuni tu. Kwa wengi hasira ndiyo inayotangulia. Wanawake wengi sana huvimba matiti, huchoka au hununa kidogo kabla ya siku zao, na hiyo ni kawaida. Hii yako ni nyingine. Wale ambao hali hii imethibitishwa kwao kwa kumbukumbu ya kila siku ni kama wawili au watatu katika wanawake mia wanaopata hedhi.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walioongozwa na Peter Schmidt walifanya jaribio ambalo mpaka leo nalipenda kwa urahisi wake. Waliwapa wanawake wenye shida hii dawa ya kuzima ovari kwa muda. Wengi wakapata nafuu. Kisha wakawarudishia homoni za kike, estrojeni au projesteroni, na kwa wale waliokuwa wamepata nafuu giza likarudi. Wakawafanyia vivyo hivyo wanawake wasio na historia ya shida hiyo, kwa homoni zile zile, na hao hawakuona kitu. Kwa hiyo homoni zako si nyingi kupita kiasi wala hazijapungua. Ubongo wako ndio unaozipokea kwa ukali zaidi zinapopanda na kushuka baada ya yai kupevuka. Ndiyo maana nakuomba usimlipe mtu yeyote wa maabara mjini pesa ya "kupima homoni" kwa ajili ya shida hii. Majibu yatarudi ya kawaida, na mume wako atayatumia dhidi yako.

Je, ni ugonjwa wa wazungu? Rafiki yako amegusa mjadala wa kweli bila kujua. Jina lenyewe limetoka kwao. Robert Frank, daktari wa New York, aliandika kuhusu mkazo wa kabla ya hedhi mwaka 1931. Raymond Greene na Katharina Dalton wa Uingereza wakaupa jina jipya mwaka 1953, na kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili kikaiingiza PMDD miongoni mwa magonjwa kamili mwaka 2013 tu. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, nayo imeitaja. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1987, Thomas Johnson alidai kwamba mambo haya ya kabla ya hedhi ni zao la utamaduni wa Magharibi: mwanamke anatakiwa azae na pia afanye kazi kama mwanamume, kisha hasira yake inapewa jina la ugonjwa.

Hakuwa anapayuka. Miaka kumi kabla yake Diane Ruble wa chuo cha Princeton aliwadanganya wanafunzi wa kike kwamba kifaa fulani kimeonyesha hedhi yao iko karibu. Wale walioaminishwa hivyo walitaja maumivu na uvimbe zaidi ya wale walioambiwa bado, ingawa kwa kalenda walikuwa pale pale. Tunayofundishwa kuyatarajia huingia katika tunayoyahisi.

Lakini hapo ni kwenye dalili ndogo ndogo za kukumbuka na kusimulia. Ukija kwenye hali kali, ukaiandika siku kwa siku, haitazami pasipoti. Watafiti wa Ethiopia na Nigeria wameikuta kwa wanafunzi wa vyuo vyao. Mimi nimeiona kwa muuza mukene (dagaa), kwa mwalimu, na kwa mke wa mchungaji aliyeletwa usiku ili waumini wasimwone.

Kuna kitu kingine ambacho bibi yako hakukijua na wewe unakiishi. Hali hii hutokea pale tu yai linapopevuka, kwa hiyo mimba huisimamisha, na kunyonyesha mara nyingi huiahirisha. Mwaka 2006 mwanamke wa Uganda alitarajiwa kuzaa wastani wa watoto 6.7, kufikia 2016 wastani ulishuka hadi 5.4. Mwanamke wa zamani aliyebeba mimba, akanyonyesha miaka miwili, akabeba tena, alikuwa na miezi michache sana ya hedhi maishani mwake. Wewe mwenye watoto watatu uliyesimama hapo, damu unaiona kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ssenga akisema "sisi enzi zetu hatukuwa na hicho kitu," huenda hasemi uongo. Hakupata nafasi ya kukizoea.

Sasa nije kwenye maisha, ambako nina mengi zaidi ya kusema. Mwili wako ndio makaa ndani ya sigiri. Upepo hauwashi sigiri tupu, lakini ndio unaoamua kama utapika chai au utaunguza nyumba.

Upepo wa kwanza ni wa zamani. Utafiti wa Ujerumani uliowafuatilia wasichana na wanawake vijana ulionyesha kwamba waliopitia matukio ya kutisha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata PMDD. Marekani nako imeonekana kwa wanawake weusi, Walatino na wenye asili ya Asia: waliobaguliwa zaidi waliugua zaidi. Kwetu jambo hili lina uzito wake. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 ulikuta kwamba nusu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15. Nusu. Sikuulizi hapa kama wewe ni mmoja wao, maana barua hizi husomwa na wengi. Ila kliniki utaulizwa, na ningependa ujibu ukweli. Kama mtu anakupiga katika ile wiki yako mbaya "ili utulie", hakuna dawa nitakayokupa itakayofanya kazi mbele ya hilo. Hapo tatizo la kwanza linabadilika jina.

Upepo wa pili uko ndani ya chumba. Jane Ussher na wenzake wa Australia wamewasikiliza kwa miaka mingi wanawake wenye shida hii, na wameonyesha jambo ambalo ningetaka waume wote walisikie. Wengi wa wanawake hao wiki tatu hunyamaza. Wanameza. Wanakuwa mama mwema, mke mtulivu, jirani asiye na neno. Wiki ya nne nguvu ya kumeza inaisha. Mwenzi anayesikiliza hupunguza ukali wake, na anayedharau au kukimbia huuongeza.

Nina mgonjwa mmoja, ameniruhusu nimtaje bila jina wala mji. Nilimwambia katika wiki mbaya asigombane, aandike tu kila kinachomkera, kisha siku ya nane tangu damu ianze aniletee karatasi. Akaleta karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, ina mambo tisa. Tukasoma pamoja, yeye akiwa katika ubora wake, ameoga, amesuka, anacheka. Mambo mawili akayakata kwa aibu. Moja lilikuwa namna mumewe anavyotafuna muhogo. Saba yakabaki. Shemeji amekaa nyumbani mwaka mzima halipi hata chumvi. Karo ya mtoto wa kwanza imekopwa kwa rafiki wa mume bila yeye kuambiwa. Hajaenda kwao tangu mazishi ya baba yake. Saba kati ya tisa yalikuwa kweli siku ya nane kama yalivyokuwa kweli siku ya ishirini na sita. Ugonjwa uliyapandisha sauti tu.

Ndiyo maana namkatalia mume wako neno "kisingizio", na nakukatalia wewe nawe tabia ya kuamka siku ya pili ukaomba msamaha wa jumla jumla. Omba msamaha wa posho. Sufuria umeibonyeza, watoto wamelala njaa, hilo ni lako. Lakini usiifute na ile hoja uliyokuwa nayo kabla hujaishika sufuria. Ukifanya hivyo kila mwezi, nyumba nzima inajifunza kwamba maneno yako yana tarehe ya kuisha. Nimewasikia wanaume, na mabosi wa kike pia, wakisema "achana naye, yuko kwenye siku zake," na jambo lililosemwa likaishia hapo.

Kambini upepo huu una nguvu mara mbili, maana hakuna faragha. Nyumba ya kawaida ukilia unafunga mlango. Ninyi mkigombana, bati linatangaza. Kesho mume anaitwa na OC, mkuu wake wa kituo, kuambiwa amtulize mke wake, anarudi na aibu ya ofisini, na aibu hiyo inakuangukia wewe. Halafu zamu za usiku: yeye anarudi alfajiri anataka kulala mchana, wewe unawanyamazisha watoto katika joto la bati, usingizi wako mwenyewe umekatwa vipande. Usingizi mbovu humchafua yeyote. Mwenye hali hii humwangusha. Sitakudanganya kwamba unaweza kubadilisha nyumba ya serikali. Nakuuliza tu kama kuna siku mbili tatu katika ile wiki ambazo watoto wanaweza kulala kwa shangazi yao, au wewe mwenyewe ukalala kwa dada yako. Wanawake wa kambi huchangiana harusi na misiba. Kuchangiana usingizi sioni kwa nini kushindikane.

Upepo wa tatu ni maelezo tunayopewa, na hapa niruhusu nikae kidogo.

Hali yako ina tabia ya ajabu kuliko magonjwa mengi: inapona yenyewe kila mwezi. Fikiria hilo lilivyo na faida kwa mganga. Unaenda kwake lini? Siku iliyo mbaya kuliko zote, siku moja au mbili kabla ya damu, maana ndipo familia imechoka. Anachinja kuku, anakupa majani ya kuogea. Siku ya tatu umepona. Au unapelekwa kanisani Jumapili, walokole wanakuwekea mikono, unaanguka, unalia, pepo anatoka. Jumanne damu inakuja na mwanga unarudi. Nani atakayekuambia ni hedhi? Wewe mwenyewe utasimama kutoa ushuhuda, kwa moyo safi kabisa. Wiki tatu baadaye giza linarudi, na sasa kuna jipya juu yake: imani yako haba, au umemruhusu pepo arudi na wenzake saba. Uliingia na ugonjwa mmoja, umetoka na mawili, la pili ni hatia. Umeombewa mara tatu, umeniambia. Nenda kachungulie kalenda, tarehe hizo tatu ziliangukia wapi.

Usidhani napigana na maombi. Mimi mwenyewe husali, na nimeona mchungaji mwenye busara akiokoa mtu kwa kumkalia tu usiku kucha. Mwombe akuombee na siku ya kumi pia, ukiwa mzima.

Ssenga naye simdharau. Kazi ya ssenga ni kuzungumza yale ambayo mama hawezi kumwambia bintiye, na ndiyo njia ya zamani kuliko kliniki yangu. Tatizo ni kile alichopewa yeye kukisema. Kwa Kiganda mwanamke akiwa mwezini huambiwa amekwenda mu nsonga, yaani kwenye mambo, na mambo hayo tangu ujana wetu yalikuwa usafi: kitambaa, sabuni, kutoonekana. Hata serikali ilipoanza kulizungumza ilizungumza pedi. Zilikuwa ahadi ya kampeni za mwaka 2016, na mwaka 2017 zikaondolewa kodi ya ongezeko la thamani. Vizuri. Lakini damu yenyewe ndiyo iliyozungumzwa, na kwako damu ndiyo nafuu. Hizo siku tisa zinazoitangulia hakuna aliyezipa jina, si ssenga, si bunge. Kiswahili chetu cha Uganda kina amri nyingi na maneno machache ya kuuguza. Mpe ssenga jina hili. Atalitumia kwa mabinti wengine.

Kuhusu kazi nitapita haraka, kwa kuwa hukusema kama umeajiriwa. Zambia ina siku moja ya mapumziko kila mwezi kwa mwanamke aliyeajiriwa. Sisi hatuna, tuna likizo ya ugonjwa tu. Kama unauza kitu chako mwenyewe, usipange safari ya kununua mali, wala usimkopeshe mtu, katika wiki ile. Nimewaona waliofunga genge kwa hasira wakalijutia.

Sasa la kufanya. Chukua daftari la kurasa 48, la watoto. Siku damu itakapotoka andika 1, kesho yake 2, na uendelee mpaka damu nyingine ije, ndipo uanze 1 tena. Kila jioni baada ya kuosha vyombo, weka alama ya sifuri hadi tatu kwa mambo manne: hasira, machozi, wasiwasi, na kukata tamaa. Ongeza neno moja la siku hiyo ilivyokuwa: "OC kaja", "mtoto homa", "sikulala". Usiandike kwa kukumbuka siku tano nyuma. Kumbukumbu inapenda kulaumu hedhi. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili kamili. Bila hiyo hakuna tabibu anayeweza kukuthibitishia, hata mimi.

Daftari litaonyesha moja kati ya mambo matatu. Kama alama zinapanda baada ya siku ya kumi na tano hivi, zinafika tatu, kisha zinazama damu ikianza na wiki inayofuata ni sifuri sifuri, hiyo ni PMDD. Kama kuna moja au mbili mwezi mzima na tatu kabla ya damu, basi una sonona, au matokeo ya kuumizwa zamani, ambayo hedhi inayachochea. Matibabu yake hayafanani, na kwa uzoefu wangu hawa ndio wengi. Na kama alama za tatu zimetapakaa zikifuata zamu za mume au mwisho wa mwezi pesa ikiisha, hedhi haina kesi ya kujibu.

Peleka daftari kituo cha afya cha daraja la nne, au kwenye kitengo cha akili cha hospitali ya rufaa. Nenda na daftari mkononi, kwa sababu huenda ukapangiwa siku ambayo u mzima, unatabasamu, na anayekuona hatakuamini. Nilipokuwa mwanafunzi, mkubwa wangu wa kazi alimrudisha nyumbani mwanamke wa namna hiyo akicheka kwamba "huyu anahitaji likizo ya mumewe". Nilicheka pia. Nimelijutia miaka yote hii.

Dawa zipo. Fluoksetini na setralini, zilizozoeleka kwa sonona, hufanya kazi hapa kwa njia ya pekee: kwenye sonona ya kawaida husubiriwa wiki kadhaa, kwenye PMDD nafuu inaweza kuonekana ndani ya siku chache. Ndiyo maana wengine hupewa wazimeze nusu ya pili ya mwezi tu, damu ikitoka wakaacha. Fluoksetini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Uganda. Usiinunue dukani bila kuonwa: tabibu lazima ajue kama una mimba, unanyonyesha, au umewahi kupata kipindi cha kuchangamka kupita kiasi ukakosa kulala siku kadhaa. Vidonge fulani vya uzazi wa mpango, vyenye drospirenoni, vimewasaidia baadhi, lakini si kila kidonge kiko hivyo, na kama unatumia sindano au kijiti andika kwenye daftari ulianza lini, maana kuna wanaochafukiwa hisia navyo. Na mtu akikushauri utolewe kizazi, ondoka. Mfuko wa uzazi ukitoka na ovari zikabaki, mchezo ni ule ule bila damu ya kukuonya.

Chakula? Jaribio la mwaka 1998 la miligramu 1200 za kalsiamu kwa siku liliwapunguzia wanawake dalili za kabla ya hedhi kuliko kidonge tupu. Mukene ukila na mifupa yake una kalsiamu nyingi, na hauna hasara. Pombe hasara yake iko wazi, hasa ile ya mfukoni inayonywewa "ili nilale".

Kuna tiba nyingine ambayo Uganda yenyewe imeufundisha ulimwengu. Mwaka 2002, katika vijiji thelathini vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona, ile wenyeji wanayoieleza kwa neno okwekyawa, kujichukia, walikutana kwa vikundi kila wiki wakazungumzia misiba yao, ugomvi wao na mabadiliko ya maisha yao. Walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wa vijiji ambavyo havikupata vikundi, na tangu hapo mashirika kama StrongMinds yamevieneza. Havikuundwa kwa PMDD, lakini daftari lako likionyesha ile sura ya pili, ningekupeleka huko kabla ya duka la dawa.

Mume wako anakuja mwisho, ingawa ni mtu wa kwanza. Usimweleze haya usiku wa siku ya ishirini na sita. Ngoja siku ya saba au ya nane, amekula, redio imezimwa. Mwonyeshe daftari, si barua hii. Polisi huamini kumbukumbu iliyoandikwa kwa tarehe. Ndiyo kazi yake. Mwombe mambo mawili tu. Kwanza, katika wiki ile mkiona joto linapanda, mmoja wenu atamke neno mlilokubaliana, neno lolote, hata "zamu", na anayeweza kutoka atoke nje dakika ishirini bila kumfuata mwenziwe. Pili, kila hoja utakayoiandika wiki hiyo aisikilize siku ya nane, mkiwa mmekaa. Akikubali la pili utaona la kwanza linahitajika mara chache. Akikataa yote mawili, niandikie tena, na safari hiyo tutazungumza mengine.

Daftari linanunuliwa leo. Namba 1 itaandikwa siku damu itakapokuja, na kama itakuja usiku, andika kabla hujaamka kuomba msamaha.